Masika Niliyobebwa na Baba Mkwe

2 Machi

Godwin ameondoka asubuhi. Alikaa nyumbani siku chache tu, na nyingi kati ya hizo alilala kama gogo. Lori lilikuwa linamsubiri Mbeya, limeshapakiwa, linaelekea Kongo, na tajiri wake si mtu wa kusikia habari za mke. Nilimsindikiza hadi kwenye migomba ya mwisho. Mvua ikaanza, akanirudisha.

"Rudi ndani, Mama Jackson. Hiyo miguu yako haipendi baridi."

Nimeamua kuandika masika haya. Sina sababu kubwa. Nilisoma hadi kidato cha nne, walimu walikuwa wakiusifu mwandiko wangu, na tangu Jackson aende chuo nyumba imebaki na sauti ya mvua tu. Mbele za watu namwita Baba Jackson. Hapa nitamwita Godwin. Hata kuliandika tu jina lake kunanipa joto.

4 Machi

Mvua. Nimechuma chai hadi mchana.

7 Machi

Leo nimekutana na baba mkwe njiani. Kukutana ndiyo neno, lakini hatukuonana. Nilisikia kikohozi chake nyuma ya migomba, nikaacha njia, nikajifunika khanga kichwani na kugeukia shamba mpaka alipopita. Wazee wa kwetu wanaita ukutila: mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hatamki jina lake, hakai naye chini ya paa moja. Siku hizi wengi wameacha. Hapa Lufingo utaona mkwe na mkamwana wamepanda bodaboda moja kwenda Tukuyu sokoni. Lakini baba mkwe wangu hajaacha, na mimi niliolewa nikiwa mdogo nikafunzwa hivyo. Jackson ana miaka ishirini na miwili na mimi sijui babu yake ana uso wa namna gani.

Chakula chake anapelekewa na wifi yangu Alinanuswe, aliyeachika Kyela akarudi kuishi na baba yake. Kazi yangu ni kupika tu. Siku zote nimekisikia kikohozi kile kama cha mtu anayeona anasumbuliwa. Nadhani hakunipenda tangu mwanzo.

11 Machi

Godwin amepiga simu kutoka Tunduma. Foleni ya mpakani ni ndefu, wamelala humo humo kwenye lori. Nilimwuliza amekula nini, akasema wali na maharage. Akaniuliza nimekula nini, nikasema mboga na kindizi kimoja, kama nesi alivyonielekeza. Akacheka. Halafu tukanyamaza wote wawili, nikawa namsikia anavyopumua. Ningeweza kukaa hivyo mpaka chaji iishe.

14 Machi

Nimechuma tangu asubuhi, mteremko wa chini, kule tulikokata chai mwaka jana ili ichipue upya. Niliporudi nikavua mabuti. La kulia lilitoka salama. La kushoto lilitoka na soksi nyekundu.

Ndani yake nikakuta kijiti cha chai, kimekatwa mshazari, kigumu kama msumari. Nimekikanyaga kutwa nzima, kupanda na kushuka, na mzigo mgongoni, wala sikujua. Chini ya kidole gumba kuna tundu, nyama inaonekana. Nikalibonyeza. Ilikuwa kama nabonyeza mguu wa mtu mwingine.

Nesi Amna alitufundisha haya kliniki ya sukari kule Igogwe. Ni mtoto wa Tukuyu mjini, babu yake alikuja na nguo za kuuza kutoka pwani, na Kiswahili chake ni kitamu hata anaposema mabaya. Alisema sukari inatia miguu ganzi kidogo kidogo, na inaziba njia za damu. Kwa hiyo mguu ukiumia haukwambii, na ukishaumia damu ya kuuponya haifiki. "Kung'uteni viatu kabla ya kuvaa," alisema. "Na kila jioni kagueni nyayo, kama mnavyomkagua mtoto mchanga." Nilikuwa nafanya. Masika yakija na haraka zake, mtu anajisahau.

Nimeosha kwa maji ya chumvi nikafunga kitambaa safi. Kesho nitapumzika.

15 Machi

Sikupumzika. Majani ya chai hayamngoji mtu.

19 Machi

Jana Alinanuswe aliniona nikibadilisha kitambaa. Leo amekuja na majani yaliyopondwa, meusi, yananuka moshi. Nikamwambia nesi ametukataza kuweka kitu kwenye kidonda. Akayaweka chini kwa nguvu.

"Nesi wako hajazaliwa milimani. Basi nenda kwake."

"Nitakwenda barabara ikikauka."

"Barabara itakauka mwezi wa sita, wifi."

Ana mdomo huyu mwanamke. Alipoondoka nikayatupa majani yake migombani.

Kweli ni kwamba siogopi barabara. Namwogopa Esnath, wa Lupepo, tuliyekuwa naye kwenye umoja wa wanawake kanisani. Alikwenda hospitali na kidole, akarudi hana mguu, na Krismasi iliyofuata tulimzika. Watu walisema kisu ndicho kilichomwua. Najua alichelewa, najua alikaa na kidonda tangu mavuno. Lakini ninapofumba macho simwoni akichelewa. Namwona kwenye kiti uani, khanga imelala bapa pale palipopaswa kuwa na goti.

24 Machi

Kidole cha pili kimebadilika rangi. Godwin amepiga kutoka Kapiri Mposhi.

"Miguu inaendeleaje?"

"Haijambo," nikasema. "Ni baridi tu."

Akasema akirudi ataniletea soksi nzito, ameziona sokoni. Nikamwambia asihangaike. Akasema, "Nahangaika na nini kingine huku?" Mtandao ukakatika. Nimekaa na simu mkononi. Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu angeegesha lori kando ya barabara ya Zambia na kulia, halafu angeendelea na safari, maana hana njia nyingine. Na kwa sababu nataka akiwa kule aniwaze nikiwa mzima, natembea.

27 Machi

Mvua ya mawe. Maua ya parachichi yamepukutika.

30 Machi

Kanisani nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama mmoja aligeuka mara kadhaa, kisha akahamia benchi la mbele. Harufu ilikuwa yangu.

3 Aprili

Alinanuswe amepata msiba Kyela, shangazi wa watoto wake. Kabla ya kuondoka amekuja akasimama mlangoni na mwavuli.

"Nimekuachia kuni kavu darini. Baba nimempikia kande za siku mbili." Akanitazama mguu. "Elina, twende wote. Nitakushusha Igogwe, mimi niendelee."

Hakuwahi kuniita jina langu. Nikamwambia nitakwenda Jumatatu. Akasonya, akaondoka. Nimemsikia njiani akiteleza na kuitukana mvua.

5 Aprili

Homa. Umeme hakuna, simu imezima.

9 Aprili, hospitali ya Igogwe

Nesi Amna amenipa kalamu na karatasi. Nitaandika, maana nisipoandika nitakuja kudhani nimeota.

Jumatatu asubuhi niliamka nikiwa nimedhamiria kuja hospitali. Niliingia jikoni nichemshe maji. Jiko letu liko mbali kidogo na nyumba. Nakumbuka nimeinama kupuliza moto, basi. Nilipopata fahamu nilikuwa chini, shavu kwenye majivu, mguu umevimba hadi gotini na ulimi mkavu kama ganda. Nilijaribu kuita. Mvua juu ya bati ilikuwa inaita zaidi yangu.

Kisha nikasikia kikohozi.

Kilikuja kutoka nje, upande wa migomba, pale pale kinapotokea siku zote. Kikanyamaza, kikaja tena, karibu zaidi. Nikaelewa: alikuwa haoni moshi. Mtu mzima yule amesimama kwenye mvua akitazama paa la jiko la mkamwana wake ambalo halitoi moshi, na hana wa kumtuma.

"Mama Jackson."

Sauti ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. Nikajaribu kujibu, ikatoka pumzi tu.

"Mama Jackson, kama unasikia, gonga kitu."

Nikapapasa, nikapata mwiko, nikagonga sufuria. Akasema, "Ndaga," yaani asante, kama mtu aliyepewa chakula. Halafu hakuingia. Nilijua anawaza nini, maana nami nilikuwa nawaza hilo hilo, na homa yote ile. Nilikuwa chini, khanga imenivuka, kichwa wazi. Nikavuta kitambaa cha kushikia sufuria nikajifunika uso. Nilikuwa nakufa na bado nilikuwa nauficha uso wangu.

"Jifunike kama unaweza," akasema mlangoni. "Usipoweza, basi. Naingia."

Akaingia. Alinuka mvua na tumbaku. Hakusema maneno mengi. Aliuona mguu akasema, "Kyala wangu," yaani Mungu wangu, akachukua khanga yangu akanifunga nayo mgongoni kwake, kama mama anavyofunga mtoto, fundo kifuani. Mzee wa miaka sabini na kitu. Nilisikia mifupa yake ikilia alipoinuka.

Bodaboda haifiki kwetu masika. Alinishusha kwa miguu hadi barabara ya lami, kwenye njia ambayo hata mbuzi huteleza. Alianguka kwa magoti, akainuka. Akaanguka tena pale kwenye kijito, tukakaa wote kwenye tope, na hapo kile kitambaa kikanivuka usoni. Sikukiokota.

Kitu cha kwanza nilichokiona cha baba mkwe wangu ni kisogo chake. Nywele nyeupe, na katikati pale zinapojizungusha kuna kizunguko cha nywele kilichopinda kushoto. Godwin anacho hicho hicho. Akiwa amelala huwa nakigusa kwa kidole. Nikalia, nikaegemeza paji la uso pale pale kwenye tope na mvua. Mzee akadhani nalia kwa maumivu.

"Vumilia, mama. Lami iko karibu."

Barabarani alisimamisha pikipiki. Dereva aliponusa akasita. Mzee akamwambia kitu kwa Kinyakyusa, kwa upole kabisa, na kijana yule akashuka mwenyewe kunipakia. Nilikaa katikati, baba mkwe nyuma amenishika ili nisianguke. Hivyo ndivyo tulivyoingia Igogwe.

10 Aprili

Mashine ya sukari ilikataa kutoa namba, ikaandika neno tu, maana sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Wananichoma sindano za insulini na dripu za kuua vijidudu. Nesi Amna ameweka vidole viwili juu ya unyayo wangu wa kulia, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali. "Huku yapo, dhaifu." Akahamia kushoto, akatafuta, akahama, akatafuta tena.

"Unatafuta nini?" nikamwuliza.

"Mapigo ya damu, dada yangu."

Hakuniambia kama ameyapata.

11 Aprili

Daktari amekuja. Ni kijana, ana sauti ya chini. Amesema mishipa imeziba, vidole vimekufa, na uozo unapanda. Inabidi akate chini ya goti. Goti likibaki, nitaweza kutembea na mguu wa bandia. Tukichelewa, atakata juu ya goti. Tukichelewa zaidi, hatakuwa na la kukata.

Nikasema namsubiri mume wangu.

"Yuko wapi?"

"Kongo."

"Anakuja lini?"

Amna amejaribu namba yake kutwa nzima, haipatikani. Jackson yuko mafunzo ya vitendo Sumbawanga, amesema ataanza safari akipata ruhusa.

12 Aprili

Baba mkwe hajaingia wodini. Ameketi nje kwenye benchi, chini ya dirisha langu, ameupa ukuta mgongo. Amna anamletea chai. Usiku amelala kwa ndugu wa kanisani hapa jirani, asubuhi amerudi palepale. Kutoka kitandani naona kofia yake tu.

Leo ameongea bila kugeuka.

"Mama Jackson. Nesi amenieleza."

"Ndiyo, baba."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu. Kofia ilitikisika kidogo.

"Unamsubiri mwanangu."

"Ndiyo, baba. Ni mguu wake pia. Nitamwambiaje nimeukata bila yeye kujua? Ataniona nusu mtu."

Kuku walipita. Nikadhani amesinzia.

"Mimi sijui atakuonaje," akasema. "Nikikwambia najua nitakuwa mwongo. Mwanamume hajijui mpaka siku yenyewe. Lakini akirudi akaniuliza, 'Baba, ulikuwa wapi?' nimjibu nini? Kwamba nilikuwa dirishani?"

"Baba, naogopa."

"Na mimi naogopa. Tangu juzi naogopa." Alivua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena. "Mimi siwezi kukuwekea saini. Mguu ni wako. Ila nilikubeba ukiwa unapumua, na ningependa kukurudisha ukiwa unapumua. Hilo tu."

Nimemlilia Godwin mchana kutwa, kimyakimya, nikimtaka aje aingie na lile jasho lake la dizeli, aniambie ndiyo au hapana. Hakuja. Jioni nimemwita Amna nikasaini mwenyewe.

13 Aprili

Wanakata asubuhi hii. Mzee ameomba kwa sauti dirishani, kwa Kinyakyusa. Amelitaja jina langu.

15 Aprili

Wamekata.

17 Aprili

Jackson amefika. Amekaa kando ya kitanda akishika mkono wangu kama alivyokuwa akiushika siku za chanjo. Nami nikamzungumzia mitihani.

20 Aprili, Pasaka

Wameimba kanisani, sauti zimepanda hadi huku. Wagonjwa wenye nguvu wametoka. Mimi nimebaki na mwenzangu wa kitanda cha pili, anayengoja mtoto wake kutoka Mwanza. Tumesikiliza pamoja. Ningekuwa nyumbani ningesimama na sauti ya pili, Godwin nyuma yangu akikosea besi kwa makusudi ili nicheke.

22 Aprili

Jambo la ajabu. Mguu usiokuwepo unawasha. Miaka mingi ulikuwa kipande cha gogo, leo haupo, na nausikia kila kidole. Nimeinama kuukuna nikashika shuka. Amna anasema ni kawaida, mwili una kumbukumbu. Naelewa. Hata upande wa pili wa kitanda chetu nyumbani mkono wangu huenda wenyewe.

24 Aprili

Amepatikana, kwa simu ya Amna! Lori liliharibika mbele ya Kolwezi, porini, walikaa wakisubiri kipuri.

"Mbona simu yako haikupatikana? Nimekuota vibaya," akasema.

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga tangu siku nyingi, yote yakakimbia. Nikasema, "Niko hospitali. Wamekata mguu. Wa kushoto, chini ya goti."

Nilisikia injini za malori na mtu akiuza maji.

"Godwin?"

Ilinitoka hivyo, jina lenyewe, mbele ya wodi nzima.

"Nakuja," akasema. Akakata.

29 Aprili

Hajafika. Hajapiga.

2 Mei

Alinanuswe alirudi kutoka Kyela jana, njia ilipofunguka, akaja moja kwa moja. Alisimama miguuni pa kitanda akatazama pale pasipo na kitu, kisha akachukua beseni akaanza kuniosha bila kuniuliza. Mikono yake ni mizito lakini inajua.

"Yale majani," akasema akinifuta mgongo, "ulitupa?"

"Nilitupa."

"Ulifanya vizuri. Ila nilipanda hadi msituni mlima Rungwe kuyatafuta. Mvua yote ile. Ujue tu."

Sikujua. Miaka yote hii nimekaa na mwanamke huyu, nikasikia mdomo wake tu. Nikamwomba radhi. Akasema nyamaza, sabuni itaniingia mdomoni.

Baadaye akaniambia, kwa kuwa yeye hajui kuficha: "Wa kwangu alisema 'nakuja' hivyo hivyo. Usimhesabu mwanamume mpaka umwone."

8 Mei

Nimepiga simu. Iliita mpaka mwisho.

11 Mei

Nyumbani. Machela hadi juu, vijana wa kanisa wamebeba kwa zamu. Mzee ametangulia mbele peke yake, akikata matawi yaliyoinamia njia. Tulipofika uani hakusimama. Amepita moja kwa moja nyumbani kwake.

14 Mei

Amerudia yale ya zamani. Kikohozi nyuma ya migomba, halafu anazunguka. Najua ni heshima. Zamani ningepumua kwa nafuu. Leo kimeniuma. Kule hospitali nilikuwa na baba dirishani, na sasa nina kikohozi tena.

Mvua imepungua. Ukungu asubuhi. Nimefika mlangoni kwa magongo.

18 Mei

Nilikuwa uani naanika maharage, nimeketi. Kikohozi kikaja, kikasimama. Nikajifunika khanga, nikangoja apite. Hakupita.

"Mama Jackson," sauti ikasema kutoka migombani, "umeamkaje?"

"Salama, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Na mguu mmoja ule uliobaki?"

"Haujambo. Alinanuswe ananikagua unyayo kila jioni."

"Mwambie akague vizuri. Macho yake si mazuri, yule."

Akaenda zake. Sijui wazee wengine wangeiitaje hii. Hatukuonana, hakuna aliyevunja kitu. Lakini nimeanika maharage yote nikiimba.

25 Mei

Amekuja.

Nilisikia mbwa. Nikajua hatua zake kabla ya kumwona, zile za mtu aliyezoea kukaa, nzito kwa visigino. Amekonda. Amesimama uani na begi begani, akaniangalia usoni, akaangalia mlango, akaangalia paa.

"Bati limefumuka pale," akasema.

Nikasema ndiyo, upepo wa Pasaka.

Akanishika mikono yote miwili, akaibana mpaka ikauma. Lori lilikamatwa mpakani kwa sababu ya karatasi za tajiri, akanyang'anywa simu siku kadhaa, alipoipata akaona aibu kupiga, kila siku iliyopita ikaongeza aibu. Hayo ameniambia akiwa ameshapanda juu ya paa, nyundo mkononi.

29 Mei

Ametengeneza paa. Ametengeneza reli ya mti hadi chooni ili nishike. Amepalilia chai yote ya chini. Hakai. Nikianza kusema, "Siku ile jikoni," anakumbuka kazi. Jana nilipokuwa nafunua kigutu nikisafishe, alitoka nje kuangalia ng'ombe wa jirani.

Nimengoja masika yote kumwona, na sasa yuko hapa, na bado namngoja.

1 Juni

Amelala mchana. Nimekigusa kile kizunguko cha nywele. Hakuamka.

5 Juni

Amepata safari nyingine. Hatuna ujanja, mguu wa bandia hautaletwa na upepo, na Jackson hajamaliza. Nimemsindikiza hadi mwisho wa ua. Alitaka kunibusu mbele ya dada yake, akaona haya, akanishika shavu. Akateremka bila kugeuka. Baba yake alikuwa chini njiani anamsubiri, wakaenda pamoja.

9 Juni

Baridi kali, jua limetoka. Masika yamekwisha.

Godwin amepiga mchana kutoka njiani, amepaki kusubiri lori lipimwe kwenye mzani.

"Baba alinieleza tulipokuwa tunashuka," akasema. "Kidogo. Unamjua."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Elina, nilipokuwa hapo sikuweza. Nilikuwa nikikutazama naona mimi niko Kolwezi nakunywa soda. Huku, nikiwa peke yangu barabarani, naweza. Niambie. Yote."

Nilikuwa nimeketi uani juani. Nikaanza. Nikamwambia kuhusu kijiti na soksi. Nikamwambia nilivyomdanganya kuhusu baridi, na yule mama aliyehama benchi, na dada yake mlangoni na mwavuli akiniita jina. Nikamwambia nilivyoamka majivuni nikakisikia kikohozi. Nilikuwa nasema nikiwa nimefumba macho, maneno yanatoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa, nikafika mbali sana, nikafika hospitali, hadi vidole vya Amna juu ya unyayo, ndipo nikaona kwamba simu iko kimya. Mtandao ulikuwa umekatika. Sijui tangu lini.

Nikaiweka mapajani. Nikajiambia basi, nimeshasema, hata kama ni kwa hewa.

Ikaita.

"Umefika wapi?" akauliza, na nikasikia kwamba pua yake imeziba.

"Wewe umesikia mpaka wapi?"

"Mpaka pale baba alipokwambia ujifunike kama unaweza. Alinificha hilo." Akavuta pumzi. "Endelea. Akaingia?"

"Akaingia," nikasema, na nikaendelea.